Mtani Wangu Kwenye Meli ya Profesa

Morogoro, 29 Mei 1909

Profesa amenipa daftari hili. Amesema kila atakayekwenda safari yake lazima aandike anachokiona. Nilimjibu kwamba mimi ni mpishi, nitakachokiona ni moshi. Akacheka, akaniachia na kalamu juu yake, basi naandika. Mimi ni Kibwana wa Mwembesongo, mgane, kidevu kimeanza kuota mvi, na kwa mapishi sijaona wa kunifikia kuanzia hapa mpaka pwani.

Masika yote Profesa alikuwa juu kwenye milima yetu akitafuta ndege, na mimi nikimpikia ndani ya ukungu kwa kuni mbichi. Sasa anataka kuvizunguka visiwa vya Ngazija kwa meli ndogo. Anasema visiwa vile ni milima ya moto iliyoibuka kutoka chini ya bahari, na viumbe wake hawafanani na wa popote. Wadachi wengine wachache, Wajerumani wenzake, wamejiunga naye. Watu wazima wanavuka bahari kwenda kutazama popo. Mimi popo nawaona kila magharibi nikikaa kibarazani kwangu.

30 Mei

Tumepanda gari la moshi. Profesa ana dada yake, bibi mzee mrefu asiyecheka, kazi yake kuchora picha za ndege. Bibi huyo amechukua mwanamke wa kumfulia na kumtunza safarini. Mwanamke alipofika stesheni aliniuliza kwetu wapi na mama yangu alikuwa wa ukoo gani. Nikamtajia. Palepale akanivua kofia, akaivaa yeye, akawatangazia watu wote kwamba amempata mtumwa wake aliyepotea.

Nikajua nimekutana na mtani. Ukoo wa mama yake na ukoo wa mama yangu tunazikana tangu enzi za mababu. Wao wakifiwa, sisi ndio tunaokwenda kuchimba kaburi na kuwachekesha wafiwa, na sisi tukifiwa wao wanakuja. Siku nyingine zote mtani anakutukana apendavyo na kuchukua chako akipendacho, na ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Nilimwambia naisikitikia kofia yangu kwa kukalishwa juu ya boga. Akasema, "Sikieni, maiti yangu inaongea." Behewa zima likacheka.

Anaitwa Mwaisha, wa Kinole. Nimefika Dar es Salaam kichwa wazi.

2 Juni, baharini

Natapika.

3 Juni

Bado. Mwaisha naye ni mtu wa milimani kama mimi, hajawahi kuiona bahari, lakini hana hata kichefuchefu. Amekula chakula changu na chake, kisha akaja kuniuliza nataka sanda ya kitambaa gani.

6 Juni, Ngazija

Nimeinuka leo nikauona mlima. Umekaa katikati ya bahari peke yake, kichwa chake ndani ya mawingu kama milima ya kwetu asubuhi ya masika. Nilisikia machozi yakinilenga, nikasingizia moshi. Lakini mlima huu chini ni mweusi tititi, mawe yake yamemwagika mpaka majini kama uji ulioungua, na juu unatoa moshi wa kweli. Serahangi Ahmadi, mtu wa Kilwa anayewasimamia mabaharia, anasema hakuna mto hata mmoja kisiwa kizima. Mvua ikinyesha, mawe yanaimeza yote. Mwaisha aliuhurumia sana mlima huo. Alisema mlima usio na mto ni kama mwanamke asiye na ndugu.

Hilo hakulisema kwa utani. Nimeliandika kwa sababu ni mara ya kwanza kumsikia akiongea kama mtu.

11 Juni

Wageni walishuka kutazama ndege. Nilipika mchuzi wa samaki wa nazi. Mwaisha amechukua kisu changu kizuri.

15 Juni

Amechukua sukari yangu.

19 Juni

Amechukua blanketi langu. Nimemwambia akifa nitamzika kifudifudi ili asiendelee kuona vitu vya watu. Amefurahi sana.

24 Juni, kisiwa cha Mwali

Alfajiri tuliamshwa sote twende ufukweni, hata mimi na Mwaisha. Kasa alikuwa amemaliza kutaga mayai, anarudi baharini. Mnyama mkubwa kama meza, anajikokota, anapumzika, anajikokota tena, na machozi yanamtoka. Wadachi walisimama mbali kidogo bila neno. Sikuwahi kuwaona Wadachi wengi kiasi hicho wamenyamaza pamoja. Yule bibi mzee asiyecheka alikuwa amepiga magoti mchangani, anachora huku analia, wala hafuti machozi. Nilimdhania mkavu, kumbe nilikuwa simjui.

Kasa alipoyafikia maji akawa mwepesi ghafla, akapotea. Mwaisha akasema, "Amewaacha." Nikamwambia watoto wa kasa wanajilea wenyewe. Akasema hata yeye alijilea mwenyewe, kwa mjomba wake Mosi, na hata mume wake alikwenda na mizigo ya Wadachi mwaka wa vita vya Maji Maji na hakurudi, hakuna aliyekuja kumwambia amezikwa wapi. Kisha akaniuliza kama kasa analiwa. Nikamwambia analiwa. Akaniita mlafi, tukarudi melini tukitukanana.

25 Juni

Usiku mvua ilinyesha. Nimeamka nimefunikwa blanketi langu. Lenyewe lilikuwa kavu, na mwenye kulichukua nilimkuta amelala kwenye kona yake na kanga iliyolowa.

Sikumtukana leo mpaka mchana, alipolichukua tena blanketi.

3 Julai

Mawimbi. Kusi imeshika. Uji wa wageni umemwagika wote.

8 Julai, Nzuwani

Wadachi wamewaona popo wao. Ni popo wakubwa ajabu, mbawa zao kama miavuli, na wanaruka mchana kweupe juu ya korongo. Profesa alikuwa akirukaruka kama mtoto. Nami nilitazama mpaka shingo ikauma, nikamuomba radhi kimoyomoyo kwa niliyoandika mwezi wa Mei.

Tulikuwa tumekaa sitahani, mimi namenya vitunguu, Mwaisha anakunja nguo za bibi. Akaniambia habari ambayo hakuitilia mkazo wowote. Kule kwao, Salehe, nyapara wa shamba la mpira, amepeleka posa kwa mjomba Mosi. Mjomba amesema jibu litatoka Mwaisha akirudi safari. Nikamuuliza atajibu nini. Akasema Salehe si mtu mbaya, ana nyumba ya bati, na mwanamke hawezi kufua nguo za watu mpaka mikono iishe ngozi. Nikasema nyapara huyo hana macho. Akacheka. Mimi nikamenya vitunguu vingi kuliko nilivyohitaji.

9 Julai

Nimekubali mwenyewe. Nampenda. Nimeliandika ili nione linafananaje kwenye karatasi, na linafanana na kweli.

12 Julai

Nimemwambia. Nilikuwa tena na vitunguu, ndilo kosa langu la kwanza. Nilisema, "Mwaisha, mimi nataka nikuoe." Akaniangalia machozi yakinitiririka, akamwita serahangi Ahmadi aje ashuhudie mwanamume anavyolia kwa ajili yake. Akasema mimi ni mke wake tangu stesheni ya Morogoro na mahari yangu ilikuwa kofia. Mabaharia wote wakaniita "mke wa Mwaisha" mpaka jioni.

Ole wangu. Kila mtani mwanamume humwambia mtani wake mwanamke kwamba atamuoa. Hata babu yangu alimwambia hivyo mtani wake kizee, mbele ya bibi yangu. Neno lenyewe limekwisha makali.

17 Julai, Ngazija tena

Nimenunua leso nzuri kwa Mhindi, nyekundu na nyeusi. Nikampa kwa mikono miwili, nikamwambia nampa kwa sababu ya moyo wangu. Akasema mtani hapewi, anachukua. Akaichukua, akachukua na kikoi nilichojinunulia mwenyewe.

22 Julai

Nyangumi. Mama na mtoto wake, karibu sana na meli, wanapumua kwa sauti kama mvukuto wa mhunzi. Mtoto alikuwa analala juu ya mgongo wa mama. Mwaisha alinishika mkono kwa mshangao, akausahau pale. Sikusogea mpaka wali ukawa bokoboko. Wageni hata hawakuonja walichokuwa wanakula, wanazungumza nyangumi tu.

26 Julai

Nimekata shauri. Kama maneno yangu yote anayasikia kama utani, basi nitaacha utani wenyewe. Kuanzia leo sitamtukana, sitamjibu tusi, nitaongea naye kwa adabu kama ninavyoongea na mke wa kadhi. Ataona mwenyewe kwamba kuna jambo.

27 Julai

Alinisalimu, "Hujaoza bado?" Nikamjibu, "Sijambo, dada, nakushukuru." Akanitazama sana.

29 Julai

Aliniambia pilau langu lina ladha ya soli ya kiatu. Nikamwambia nitajitahidi.

1 Agosti

Leo hakunitukana hata mara moja.

2 Agosti

Nimekuta mlangoni pa jiko kofia, kisu, mkebe wa sukari, blanketi, kikoi na ile leso, vyote vimepangwa vizuri na nguo zimepigwa pasi. Nilikaa chini pale pale.

Mimi ni mjinga. Nilisahau kwamba mtani anayekataa kukutania ni mtani aliyekuchukia. Ukoo kwa ukoo huvunjana hivyo, kwa adabu. Nimemtukana Mwaisha tusi ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulitamka, na nimelitamka siku baada ya siku huku nikijiona mwerevu.

4 Agosti

Nilijaribu kumtania. Nilimwambia anatembea kama kasa. Akasema, "Ndiyo, kaka," akapita na beseni lake.

6 Agosti

Yule bibi mzee amekuja jikoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Kwa Kiswahili chake cha kubahatisha aliniuliza kwa nini watu wawili waliokuwa wakigombana kwa furaha sasa wanapatana kwa huzuni. Nikaendelea kukata ndimu. Akasema safari inakwisha, kimebaki kisiwa kimoja, kisha akaondoka na ndimu yangu moja. Nusura nimwite mtani.

9 Agosti

Naandika usiku.

Kisiwa cha mwisho ni kidogo, hakina watu. Ni ncha ya mlima uliozama, mawe meusi matupu, na ndege weupe wa baharini wametaga kila penye nafasi. Asubuhi bahari ilikuwa imetulia. Bibi mzee alitaka kuwachora ndege viotani, akashuka kwenye mashua na mabaharia wawili, na Mwaisha akaenda naye kumshikia mwavuli na sanduku la rangi. Alipita mbele ya jiko langu. Nilisema, "Nenda salama." Akasema, "Asante." Basi.

Hata chai ya saa nne haijaisha, kusi ikaamka na mvua juu yake. Kisiwa kikafutika. Nahodha akasema meli haiwezi kusogea, itapasuliwa na mawe, na mashua haiwezi kurudi kwenye mawimbi yale. Akaamuru tukae mbali tusubiri. Tulisubiri. Mvua ikipungua tunaona mawe na povu, mashua hatuioni, watu hatuwaoni. Ikizidi hatuoni kitu. Ahmadi alikuwa akisoma dua midomo inachezacheza, nami nikamwona uso wake, nikajua anafikiri nini.

Profesa alisimama ukingoni tangu mwanzo, bila kofia, darubini imejaa maji. Bwana huyu nimempikia tangu masika, na nilidhani anachokipenda duniani ni ndege waliojazwa pamba. Alikuwa anaita jina la dada yake kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwamsha mtoto. Mimi nilisimama kando yake. Baada ya muda aliniwekea mkono begani, wala sijui ni yeye aliyekuwa akinishikilia mimi au mimi niliyekuwa nikimshikilia yeye.

Pale ndipo nilipoifikiria kazi yangu. Mwaisha akifa, mimi ndiye mtani wake hapa, hakuna mwingine wa kwetu. Mimi ndiye wa kumzika. Nisimame pale kaburini nimkejeli, niseme amekufa kwa ulafi, nidai vitu vyake, watu wacheke ili wafiwa wapumue. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi kwenye misiba ya ukoo wake, na najisifu nayo, maana naiweza. Nilijaribu kutafuta neno moja la kumchekesha mtu juu ya kifo cha Mwaisha. Sikulipata.

Alasiri mvua ilikatika mara moja. Ahmadi akapiga ukelele. Mashua ilikuwa inakuja kutoka upande wa pili wa kisiwa, ambako walikuwa wamejibanza kwenye pango la mawe. Bibi mzee ameketi wima kama bendera. Mwaisha amelowa chapachapa, sanduku la rangi amelikumbatia ndani ya kanga.

Alipopanda hakuja kwangu. Nilirudi jikoni kwa sababu miguu haikujua kwingine. Baadaye kidogo akatokea mlangoni, akanusa. Nyama ya wageni ilikuwa imekuwa mkaa kwenye sufuria.

"Umeunguza," akasema.

"Nimeunguza."

"Wewe?"

Nikamwambia, "Mwaisha, sikuacha kukutania kwa chuki. Niliacha ili unisikie. Leo nilidhani umekufa, nikatafuta maneno ya kukuzikia, sikuwa nayo. Mimi siwezi kukuzika. Mtafute mtani mwingine."

Alikaa juu ya gunia la unga. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye nguo mpaka sakafuni, unga wangu unaloa, na sikujali. Akakamua upindo wa kanga.

"Hilo mtani hawezi kulisema kwa mchezo," akasema.

"Silisemi kwa mchezo."

Akaniambia nimwambie mjomba Mosi mwenyewe, maana yeye hawezi kumkataa Salehe kwa neno la jikoni. Akaniambia pia nijue kwamba Kinole nzima upande wa mama yake ni watani wangu, na hakuna hata mmoja atakayeniamini. Kisha akatazama ile sufuria, akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia, na mimi nikalia, na safari hii hapakuwa na kitunguu.

10 Agosti

Kofia yangu haionekani, wala ile leso. Namshukuru Mungu.

20 Agosti, Dar es Salaam

Bahari imetuachia. Bibi mzee amempa Mwaisha picha ya kasa. Mimi amenipa picha yangu nikiwa nimeinama juu ya chungu, amenichora na tumbo kubwa kuliko nililo nalo.

24 Agosti, Morogoro

Mwaisha ametangulia Kinole. Kaka yangu Abasi amekubali kunisindikiza, ingawa amenikumbusha kwamba mtu mwenye akili hupeleka mshenga. Nilimuuliza tumpate wapi mshenga ambaye ukoo ule hautamcheka. Akafikiri, akasema hana mtu.

Mvua ndogo inanyesha milimani. Sikula.

27 Agosti, Kinole

Tulipanda asubuhi kwa njia ya migombani. Nilivaa kanzu yangu nyeupe, na Abasi yake. Tulipoingia uani kwa mzee Mosi tulimkuta ameketi kigodani, na mgeni juu ya mkeka, ndugu yake Salehe, aliyekuja kufuata jibu. Nilijua nimefika siku yenyewe.

Kabla sijabisha hodi mara ya pili, wanawake wa ukoo walikuwa wametujua. Walitumwagia majivu. Walitupaka matope ya kisimani. Abasi walimwingiza kwenye banda la mbuzi, wakamwambia achague mchumba humo. Mimi walinifunga mikono kwa kamba za mgomba, wakanikalisha chini, wakataka kujua nimekuja kuiba nini. Nikasema nimekuja kumposa Mwaisha. Ua wote ukaangua kicheko. Mzee Mosi alicheka mpaka akajifuta macho. Akasema tangu lini mtumwa akaoa kwa bwana wake, na je, mahari nimeleta au ni haya majivu. Nikasema tena kwamba nasema kweli. Wakacheka zaidi, maana nilisema vizuri. Nikaapa, na wao wakaapa pamoja nami kwa sauti za kunigeza. Ndugu yake Salehe, mtu mpole, alitabasamu, akajisogeza kwenye mkeka wake mkavu na kumwambia mzee kwamba, baada ya furaha hizi, yeye angependa kusikia neno la kupeleka kwa kaka yake. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akasafisha koo. Nilikuwa na matope mdomoni na mikono imefungwa.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa, Mwaisha akatoka. Alikuwa amejifunga ile leso nyekundu na nyeusi. Wanawake walimpisha huku wakishangilia, wakingoja aje animwagie matusi kama mtani wa kike anavyopaswa. Mmoja alimpa kata ya maji machafu. Akaiweka chini.

Alikuja mpaka mbele yangu akapiga magoti kwenye majivu yale yale, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Sijawahi kusikia kwamba mtani alimwamkia mtani hivyo. Nao hawakuwahi. Kicheko kilikufa, kwanza karibu, halafu mpaka kule bandani kwa Abasi. Nilitema matope. Nikaitikia.

"Marahaba."

Mzee Mosi alikuwa hacheki tena. Alimtazama mpwa wake aliyepiga magoti, akanitazama mimi. Akawaambia wanifungue mikono na waniletee maji ya kunawa, maji safi. Akamwagiza mtu aende akamtoe ndugu yangu bandani. Akakitoa kigoda chake mwenyewe akaniwekea, na yeye akakaa kwenye mkeka.

"Karibu, mgeni," akasema. "Palikuwa na kelele hapa. Sema tena ulichokuja kusema."

Nikasema tena.